Kuchagua Shule na Matumizi ya Fedha za Umma: Hesabu ya Mzazi wa Kabezi



Kila mwaka unapokaribia mwezi wa Septemba, katika vilima vinavyolitazama Ziwa Tanganyika kutoka Kabezi hadi Rumonge, wazazi huingia katika hesabu ya aina moja. Baba ameuza ndagala, mama ameuza mihogo na mawese, na faranga zilizopatikana hugawanywa: hizi za sare, hizi za madaftari, hizi za akiba ya ugonjwa. Hesabu hiyo ikimalizika huja swali ambalo si la fedha peke yake. Mtoto aende shule ipi? Aende ile ya Serikali iliyo karibu na nyumbani, ambayo darasa lake limejaa? Aende ile ya parokia iliyo ng'ambo ya mto? Au apelekwe kwa mjomba wake Bujumbura, mwendo wa kilomita 20 hivi kwa barabara ya taifa namba 3, akasome katika shule ya binafsi?

Swali hilo la nyumbani ndilo ambalo katika mataifa mengi huitwa haki ya mzazi ya kuchagua shule, na limekuwa chanzo cha mabishano makali kila mahali Serikali inapokaa kupanga matumizi yake. Katika maelezo yetu ya leo tunakusudia kuonyesha maana ya haki hiyo, jinsi inavyohusiana na mfuko wa umma, na kwa nini mzazi wa Kabezi anapaswa kuipima kwa kipimo cha mahali anapoishi.

Tuanze na haki yenyewe. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba 1948, linazungumzia elimu katika kifungu cha 26. Kifungu hicho kinasema mambo mawili ambayo ni vizuri yasomwe pamoja. Kwanza, elimu ya msingi itolewe bure na iwe ya lazima. Pili, wazazi wana haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu watakayopewa watoto wao. Wako watu wanaosoma jambo la kwanza tu wakadhani Serikali ndiyo mzazi pekee. Wako wengine wanaosoma la pili tu wakadhani kazi ya Serikali ni kutoa fedha na kukaa pembeni. Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 nayo ilifuata njia hiyo hiyo ya mambo mawili, kwa kuipa Serikali wajibu wa kuandaa elimu ya umma na kurahisisha njia ya kuifikia, na wakati huo huo kulinda haki ya kuanzisha shule za binafsi kwa masharti ya sheria.

Haki inapoandikwa haihitaji ila karatasi na wino. Inapotekelezwa inahitaji walimu, madawati, mabati na vitabu, na vyote hivyo hununuliwa. Kwa hiyo ni lazima kuuliza: fedha za umma zitolewe kwa njia gani? Duniani ziko njia tatu kubwa. Njia ya kwanza ni Serikali kujenga shule, kuajiri walimu na kuziendesha yenyewe. Ya pili ni Serikali kuwalipa walimu wa shule zinazosimamiwa na makanisa au jumuiya nyingine, kwa mkataba wenye masharti. Ya tatu ni Serikali kumpa mzazi hati yenye thamani ya fedha, ambayo ataipeleka katika shule yoyote aitakayo, iwe ya umma ama ya binafsi, na shule hiyo ikalipwa kutoka katika hazina.

Hapa Burundi njia mbili za kwanza zina historia ndefu. Wakati wa utawala wa Ubelgiji shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, nazo zilipata msaada wa fedha kutoka serikali ya kikoloni. Ubelgiji yenyewe iligawanyika vibaya juu ya jambo hili katika miaka ya 1950, hata ikabidi vyama vikubwa vya siasa vitie sahihi mapatano ya shule mwaka 1958, ili mzazi aweze kuchagua kati ya shule ya Serikali na shule ya kanisa bila kuadhibiwa kwa ada. Baada ya Uhuru, na hasa katika utawala wa Rais Jean-Baptiste Bagaza kuanzia 1976 hadi 1987, Serikali ya Burundi iliingia katika ugomvi mkubwa na Kanisa Katoliki, na mamlaka ya Kanisa katika elimu yakabanwa sana. Mafundisho ya Yaga Mukama, ambayo yaliwafundisha watoto wengi wa vijijini kusoma na kuandika pamoja na dini, yalipigwa marufuku mwaka 1986. Baada ya mabadiliko ya Septemba 1987 uhusiano ulianza kutengenezwa. Leo shule zilizo chini ya mkataba ni sehemu ya kawaida ya elimu ya nchi: kanisa husimamia, Serikali hulipa mishahara, na mafundisho hufuata programu ya taifa.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, anayesema kwamba mzazi wa Burundi hajawahi kuwa na nafasi ya kuchagua, hasemi kweli yote. Mzazi wa Kabezi anayempeleka mtoto wake katika shule ya mkataba amekwisha kuchagua, na mfuko wa umma umemfuata hadi huko. Kilichopungua kwa miaka mingi ni mahali pa kukaa.

Tukumbuke safari yenyewe. Katika miaka ya 1980 Serikali ilitaka watoto wengi zaidi waingie shuleni kuliko vyumba vilivyokuwapo, ikatumia utaratibu wa zamu mbili: kundi moja asubuhi, jingine mchana, katika chumba kile kile. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vikavuruga mambo. Bujumbura Vijijini, mkoa ambao Kabezi ilikuwa tarafa yake kabla ya mikoa kupangwa upya mwaka 2025, ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwisho kupata utulivu, kwani mapatano ya kusimamisha vita baina ya Serikali na wapiganaji wa FNL yalitiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 7 Septemba 2006. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mnamo Agosti 2005, Rais Pierre Nkurunziza alikuwa ametangaza kufutwa kwa ada katika elimu ya msingi. Shule zilipofunguliwa, watoto wa mwaka wa kwanza walikuwa takriban nusu milioni nchini, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia.

Lilikuwa tukio la fahari. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi na kuanika ndagala waliingia darasani kwa mara ya kwanza, na wasichana wengi walikuwa miongoni mwao. Lakini mlango ulifunguliwa kabla ya chumba kupanuliwa. Wananchi walijitolea, wakafyatua matofali na kujenga madarasa katika kazi za pamoja za Jumamosi, na kuta nyingi zilisimama kwa jasho lao. Hata hivyo matofali hayafundishi. Kila darasa jipya lilidai mwalimu, na kila mwalimu alidai mshahara wa kila mwezi, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2013 sheria ya elimu ilirefusha elimu ya msingi kuwa miaka 9, na hapo pia mahitaji ya vyumba, vitabu na walimu wa masomo maalumu yakaongezeka.

Ni katika hali kama hiyo ya msongamano ndipo husikika sauti za wale wanaopendelea njia ya tatu, ile ya hati mkononi mwa mzazi. Chile iliianza mwaka 1981. Nchini Marekani, mji wa Milwaukee uliianza mwaka 1990 kwa familia zenye kipato kidogo, na jimbo la Arizona likaipanua mwaka 2022 kwa kila familia, tajiri na maskini. Hoja ya watetezi wake si ya kudharauliwa. Wanasema: tajiri ana uchaguzi tayari, kwa kuwa anaweza kulipa ada au kuhamia mtaa wenye shule nzuri, kwa nini maskini afungwe katika shule moja tu, hata ikiwa mwalimu haonekani? Mpeni fedha naye achague, na shule mbaya itajirekebisha kwa kuogopa kukimbiwa. Kizuri chajiuza, wanasema, na kibaya chajitembeza.

Hoja hiyo tuipeleke Kabezi tuone itakavyotembea. Tufanye mfano wa shule moja yenye madarasa 6, kila darasa likiwa na watoto 80 na mwalimu mmoja. Jumla ni watoto 480. Serikali inatoa hati, na wazazi wa watoto 60 wanawahamisha watoto wao, 10 kutoka kila darasa. Shule sasa ina watoto 420, na fungu lake limepungua kwa sehemu moja ya nane. Je, gharama zake nazo zimepungua kwa sehemu moja ya nane? Hapana. Mwalimu wa watoto 70 hulipwa sawa na mwalimu wa watoto 80. Paa linalovuja huvuja vile vile. Mkuu wa shule ni yule yule, na choo ni kile kile. Ili kuziba pengo, shule italazimika kumwachia mwalimu mmoja aondoke, na watoto 420 wakigawanywa kwa walimu 5 kila mmoja atapata watoto 84. Darasa lililoanza na watoto 80, na ambalo lilitarajiwa kupumua, limeishia na watoto 84.

Na tuulize pia, ni nani hao 60 walioondoka? Hati ya Serikali aghalabu hulipa sehemu ya ada ya shule ya binafsi, siyo yote. Kinachobaki, pamoja na nauli, sare ya aina nyingine na chakula cha mchana, hulipwa na mzazi. Kwa hiyo wanaoondoka ni wale wenye uwezo wa kuongeza, na mara nyingi ndio hao hao waliokuwa wakisimama katika mikutano ya shule kuuliza kwa nini chaki imekwisha. Shule iliyobaki imepoteza fedha na imepoteza sauti. Chile ilijifunza jambo hili baada ya zaidi ya miaka 30, ikapitisha sheria mwaka 2015 inayozizuia shule zinazolipwa na Serikali kuchagua wanafunzi, kuwatoza wazazi ada ya nyongeza na kutafuta faida.

Lipo na jambo la miguu. Katika mji wenye shule tano katika mtaa mmoja, mzazi anaweza kutoka hii akaingia ile. Katika vilima vya Kabezi mtoto wa miaka saba huenda kwa miguu, akivuka vijito ambavyo wakati wa masika hugeuka mito. Kabezi inalifahamu somo hili kwa njia nyingine. Mwezi Mei 2006 Serikali ilitangaza kwamba akina mama watajifungua bila malipo katika hospitali za umma. Hata hivyo mama aliye juu ya mlima, mwenye uchungu usiku wa manane, hakusaidiwa na tangazo peke yake. Kilichowasaidia wengi katika eneo lile ni kituo cha dharura za uzazi ambacho shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikiendesha Kabezi kuanzia mwaka huo, pamoja na magari ya kuwafuata akina mama katika zahanati za vilimani. Huduma ya bure isiyofikika ni sawa na embe lililo juu ya mti kwa asiyeweza kupanda. Na hati ya kuchagua shule, mahali ambapo shule ya kwendea ni moja, ni embe la namna hiyo hiyo.

Majirani zetu nao wana mengi ya kutufundisha. Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliingia shuleni, lakini wazazi wengi wenye uwezo walipoona madarasa yamefurika waliwahamishia watoto wao katika shule za binafsi. Huo nao ulikuwa uchaguzi, ila ulikuwa wa wenye nacho. Uganda ilipoanza elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007 ilikodi nafasi katika shule za binafsi, ikizilipa shilingi 47,000 kwa kila mwanafunzi kwa muhula. Mwaka 2018 ilianza kuuondoa utaratibu huo ili fedha zielekezwe katika shule za Serikali. Ng'ambo ya ziwa, nchini Kongo, makubaliano ya mwaka 1977 yaliyarudishia makanisa usimamizi wa shule nyingi, kwa ahadi kwamba Serikali italipa walimu. Hazina ilipoporomoka katika miaka ya 1990, wazazi ndio waliobeba mishahara ya walimu kwa michango yao, hadi elimu ya msingi ya bure ilipotangazwa tena mwaka 2019. Somo la Kongo ni kwamba mkataba bila fedha humwachia mzazi mzigo wote, hata kama juu ya lango la shule pameandikwa jina la Serikali.

Katika mwambao wetu kuna uchaguzi mwingine unaosahauliwa na wapangaji wa bajeti, nao ni wa lugha. Wakimbizi wa mwaka 1972 waliokimbilia Tanzania, wengi wakitokea Rumonge na Nyanza-Lac, waliwalea watoto na wajukuu wao katika shule za Kiswahili. Waliporejea kwa maelfu kuanzia mwaka 2008, watoto hao walikuta darasa la Kirundi na Kifaransa. Mtoto aliyekuwa wa mbele kule Tanzania alikaa nyuma ya darasa akiwa kama bubu. Kwa mzazi wa namna hiyo, kuchagua shule hakukuwa na maana ya jengo zuri wala ada ndogo. Alikuwa akimtafuta mwalimu mmoja tu atakayemwelewa mtoto wake kwa muda wa kutosha hadi mtoto ajifunze lugha ya wenzake. Mwalimu huyo hawezi kununuliwa na mzazi mmoja mmoja. Huandaliwa na Serikali na kupelekwa mahali anapohitajika.

Je, tunasema basi kwamba mzazi asichague? La hasha. Tunasema kwamba uchaguzi wa kweli huanza na shule iliyo karibu kuwa nzuri kiasi kwamba mtu anaweza kubaki kwa hiari. Aliyehama kwa kukimbia hakuchagua. Kwa sababu hiyo, faranga ya kwanza ya umma ingefaa iende katika shule ambayo watoto wengi wanaifikia kwa miguu, na faranga inayofuata imfuate mtoto mwenye haja kubwa zaidi: mtoto wa kilima cha mbali, msichana aliye karibu kuacha masomo, mtoto mlemavu, mtoto aliyerejea kutoka ukimbizini. Shule ya kanisa au ya jumuiya inayotaka fedha hizo isinyimwe, ila ikubali masharti ya umma: isichague watoto, isitoze ada ya pembeni, ifuate programu ya taifa, na hesabu zake zikaguliwe kama za shule nyingine yoyote.

Kuhusu kiasi cha fedha, mataifa yaliyokutana Incheon, Korea Kusini, mwezi Mei 2015 yalishauriana kwamba nchi itenge kwa elimu asilimia 15 hadi 20 ya matumizi yote ya Serikali. Ni kipimo kizuri, lakini hakitoshi. Fungu kubwa linaweza kumalizika kabla halijafika darasani. Tena fungu linalotegemea wageni halina uhakika: Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa Serikali ya Burundi mwezi Machi 2016, na uamuzi huo haukuondolewa hadi Februari 2022. Katika miaka hiyo watoto hawakuacha kuzaliwa, wala hawakuacha kufikisha umri wa kwenda shule.

Wazazi nao wasidhani kwamba shule ikiwa ya bure basi si yao. Walipa kodi ni wao. Kodi imo katika sabuni wanayonunua, na ushuru umo katika samaki wanaowapeleka sokoni. Kamati ya wazazi ina haki ya kuuliza ni kiasi gani kimepokelewa mwaka huu, kimenunua nini, na mwalimu aliyeondoka nafasi yake itajazwa lini. Wakuu wa shule wangefanya jambo la heshima kama wangebandika hesabu hizo mlangoni, kwa lugha inayosomeka na kila mtu. Mwenye shule ya binafsi huwaogopa wateja kuondoka. Shule ya umma inapaswa kuwaheshimu wazazi walioamua kubaki.

Basi Septemba ijapo, mama wa Kabezi atakapokaa tena kuhesabu faranga zake, jambo la kumtakia ni kwamba asilazimike kugawa watoto wake, huyu mwenye akili aende mjini na yule abaki. Awatume wote katika shule ile iliyo karibu na nyumbani, waende kwa miguu pamoja na wenzao, na arudi katika kazi yake akiwa na moyo mtulivu kwamba hakuna hata mmoja aliyemwonea. Siku hiyo ikifika tutaweza kusema kwamba fedha za umma zimempa mzazi uchaguzi.